Msikiti wa Kizimkazi ulijengwa lini? Hesabu ya mwaka 500 Hijria

SWALI: Mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Unguja anauliza: "Niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Kizimkazi Dimbani. Tukaambiwa kuwa maandishi ya kwenye kibla yana mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kijana mmoja akatoa kalamu, akajumlisha 500 na 622, akapata 1122. Akaniuliza hiyo 1107 imetoka wapi, nami sikuwa na jibu. Mwenzake akauliza Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi huku kwetu ulikuwa mwezi gani. Na Ibn Battuta, alifika Kilwa lini hasa?"

JIBU: Mwalimu, 1107 ndiyo sahihi. Lakini huyo kijana mpe heko, kwa sababu amefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ameambiwa tarehe, akaijaribu. Kosa lake ni moja tu. Amejumlisha miaka 500 na miaka 622 kana kwamba ni ya kipimo kimoja, na sivyo. Ni sawa na kujumlisha pishi na kilo.

Mwaka wa Hijria unakwenda na mwezi wa mbinguni. Tangu mwezi uandame hadi uandame tena hupita siku 29 na nusu na kidogo, ndiyo maana mwezi mmoja huwa wa siku 29 na mwingine wa siku 30. Miezi 12 ya namna hiyo hufika siku 354, baadhi ya miaka 355. Mwaka wa jua una siku 365 na takriban robo. Kila mwaka, basi, wa mwezi unautangulia wa jua kwa siku 11 hivi. Wanafunzi wako wanalijua hili kwa njaa na kiu. Waulize wazee wao Ramadhani ya kwanza waliyofunga iliangukia msimu gani, kaskazi au masika, halafu waitazame ya mwaka huu.

Siku 11 kwa mwaka si nyingi, lakini zinarundikana. Miaka 33 ya mwezi inalingana na miaka 32 ya jua. Kwa hiyo katika kila miaka 33 ya Hijria unapunguza mmoja. Gawa 500 kwa 33, unapata 15 na kidogo. Toa 15 kwenye 500, inabaki 485. Sasa ndipo ujumlishe: 485 na 622 ni 1107. Hiyo ndiyo hesabu ya ubaoni, na kijana wa kidato cha tatu ataifanya kwa nusu dakika.

Ila ningependa waione pia hesabu kamili, maana ndani yake kuna jambo ambalo njia ya mkato inalificha. Kalenda ya Hijria inaanzia tarehe 1 Muharram ya mwaka wa kwanza, nayo iliangukia 16 Julai 622. Hiyo si siku ya Hijra yenyewe. Mtume aliingia Madina katika Mfungo Sita. Sayyidna Umar ndiye aliyeamua, miaka kama 17 baadaye, kuwa miaka ihesabiwe tangu Hijra, na mwanzo wake ukawekwa Muharram ya mwaka huo. Sasa, kufika mwanzo wa mwaka wa 500, ilikuwa imepita miaka 499 kamili. Wataalamu wa falaki wana jedwali la miaka 30, ambamo miaka 19 ina siku 354 na miaka 11 ina siku 355, jumla siku 10,631. Chukua mizunguko 16 ya jedwali hilo, unapata siku 170,096. Inabaki miaka 19, ambayo ni siku 6,733. Jumla ni siku 176,829 tangu 16 Julai 622. Miaka 484 ya jua kwa kalenda ya wakati ule inakula siku 176,781. Zimebaki siku 48. Hesabu siku 48 kuanzia 16 Julai 1106, unatua tarehe 2 Septemba 1106.

Umeona? Mwaka 500 Hijria haukuanza 1107. Ulianza Septemba 1106 na kuisha 21 Agosti 1107. Mtu akikupa "500 Hijria" peke yake, jibu la haki ni 1106/07, kwa mkwaju katikati, kwa sababu mwaka mmoja wa Hijria unakanyaga miaka miwili ya Miladia. Tunaweza kusema 1107 bila wasiwasi kwa sababu maandishi ya Kizimkazi yanataja na mwezi: Dhulqaada, ambao sisi tunauita Mfungo Pili. Huo ni mwezi wa 11. Miezi 10 kabla yake inachukua siku 295, na ukizihesabu kuanzia 2 Septemba 1106 unafika 24 Juni 1107. Mfungo Pili wa mwaka ule ulikuwa kati ya tarehe hiyo na 23 Julai, ukiacha nafasi ya siku moja au mbili, kwa kuwa jedwali ni hesabu na watu wa pwani waliangalia mwandamo kwa macho. Mwaka umeandikwa kwa maneno, si kwa tarakimu, kwa hati ya Kikufi iliyochongwa kwenye matumbawe kandokando ya mihrabu. Mtakaporudi, waonyeshe wanafunzi mahali penye jina la mwezi. Neno hilo moja ndilo lililomaliza ubishi.

Tofauti ya miaka 15 ina uzito gani? Mfano mmoja unatosha. Jeshi la Vita vya Msalaba liliuteka mji wa Yerusalemu tarehe 15 Julai 1099. Waandishi wa Kiarabu wanaiweka siku hiyo mwishoni mwa Shaabani 492. Kutoka 492 hadi 500 ni miaka 8. Maana yake, mafundi wa Kizimkazi walipokuwa wanachonga yale maua ya Kikufi, habari za Baitul Mukadasi zilikuwa bado mbichi midomoni mwa wasafiri wa Bahari ya Shamu na Ghuba. Ukiuweka msikiti kwenye 1122, unausogeza miaka 23 mbali na tukio lile, na historia ya kisiwa chetu inapishana na historia ya dunia iliyokuwa inafanyika wakati huohuo. Tarehe zikikaa vibaya, watu waliokuwa wa rika moja hawaonani tena.

Hapohapo Yerusalemu patupatie kipimo kingine, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Wakristo wa Ulaya walioandika habari za siku ile walisema ilikuwa Ijumaa. Waislamu nao walisema Ijumaa. Kalenda zao zilitofautiana katika mwaka, mwezi na tarehe, lakini juma lilikuwa moja. Juma la siku saba halikuwahi kukatika, si kwa mabadiliko ya wafalme wala ya mapapa. Ukibadilisha tarehe ya zamani na maandishi yakataja siku, tazama kama siku imeangukia mahali pake. Ikiwa imepishana kwa moja, usikimbilie kusema mwandishi amekosea: siku ya Kiislamu inaanza magharibi. Sisi wenyewe husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" walikuwa na maana hiyohiyo, usiku ambao wengine wanauita Alhamisi. Jambo lililotokea saa tatu usiku linaweza kuandikwa na mtu mmoja tarehe 14 na mwingine tarehe 15, wote wawili wakiwa wakweli.

Sasa Vasco da Gama. Wareno walikuwa na kalenda ya Juliasi, iliyowekwa na Julius Caesar: siku 365, na kila mwaka wa nne siku moja ya nyongeza. Meli zao zilitia nanga nje ya Mombasa Jumamosi, 7 Aprili 1498, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Kwa jedwali letu, siku hiyo ilikuwa 14 Shaabani 903. Tulia hapo kidogo, Mwalimu. Jua lilipozama siku ile ya kwanza ya Wareno Mombasa, mji ulikuwa unaingia usiku wa Nisfu Shaabani, na mwezi mpevu juu. Katika daftari la safari yao wameandika kuwa usiku wa manane chombo chenye watu kama mia moja, wenye silaha, kiliwasogelea. Aliyeandika hakujua ulikuwa usiku gani kwa wenyeji. Tunajua sisi, kwa kuweka kalenda mbili ubavu kwa ubavu.

Waliondoka Mombasa tarehe 13, iliyokuwa Ijumaa Kuu yao, wakafika Malindi jioni ya tarehe 14, na kesho yake ikawa Pasaka. Hapo mwezi unajitokeza tena, maana Pasaka nayo inafuata mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo Pasaka siku zote huangukia baada ya katikati ya mwezi wa Kiislamu, uwe mwezi wowote. Ile ya 1498 iliangukia 22 Shaabani. Mwanafunzi akikuletea kitabu kinachosema Pasaka fulani ya zama za kati ilikuwa tarehe 3 ya mwezi wa Hijria, mwambie kuna mahali pamekosewa, hata kabla ya kufungua jedwali lolote.

Wareno walikaa Malindi siku tisa na kung'oa nanga Jumanne, 24 Aprili, wakiwa na mwongozaji waliyepewa na mfalme wa Malindi. Jedwali linaonyesha kuwa Ramadhani ya 903 iliingia 23 Aprili. Yaani meli zile zilitoka bandarini watu wa Malindi wakiwa katika saumu ya kwanza au ya pili. Jibu la mwanafunzi wako, basi, ni hili: walifika Mombasa Nisfu Shaabani, wakafika Malindi Shaabani hiyohiyo, na wakaondoka Malindi mfungo ukiwa mpya.

Ila hiyo tarehe 24 Aprili isomwe kwa uangalifu. Mwaka wa Juliasi ni mrefu kuliko mwaka halisi wa jua kwa dakika 11 hivi, na dakika hizo zinafanya siku nzima kwa kila miaka 128. Kufikia 1498 kalenda ilikuwa imechelewa siku 9. Papa Gregori XIII ndiye aliyerekebisha: Alhamisi, 4 Oktoba 1582, ilifuatwa na Ijumaa, 15 Oktoba. Ureno ilikubali siku hiyohiyo, Uingereza ikangoja hadi 1752. (Angalia tena juma: Alhamisi, kisha Ijumaa. Tarehe kumi zilirukwa, siku haikurukwa.) Desturi ya wanahistoria ni kuziacha tarehe za kabla ya 1582 kama zilivyoandikwa, kwa Juliasi, nami nakushauri ufanye hivyo darasani. Lakini ukitaka kujua upepo, ongeza siku 9. Tarehe 24 Aprili yao ni 3 Mei yetu. Mvuvi yeyote wa Malindi atakwambia kuwa mwanzoni mwa Mei kaskazi imekwisha na kusi imeshashika. Ndiyo maana walifika Calicut, India, tarehe 20 Mei, chini ya siku 30 baharini. Waliporudi hawakungoja msimu. Waliiacha pwani ya India Oktoba, upepo ukiwa bado haujawageukia, wakateseka baharini miezi mitatu hadi kuiona Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499, na mabaharia wengi walikufa njiani kwa kiseyeye.

Upepo unanileta kwa Ibn Battuta. Yeye alisimulia safari zake akiwa amesharudi Morocco, na kazi ya kuziandika ilimalizika Desemba 1355, miaka zaidi ya 20 baada ya kuiona Kilwa. Kwa hiyo tarehe zake nyingine zina utata, na wapo wataalamu wanaosema alitoka Makka baada ya hija ya 728 badala ya ile ya 730. Nikifuata maelezo yake mwenyewe, hija ya 730 ilikuwa mwishoni mwa Septemba 1330. Kutoka hapo alipita Yemen, Aden, Zeila na Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha Kilwa kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kutoka Kilwa alielekea Dhofar, pwani ya kusini ya Arabuni. Chombo cha tanga hakiwezi kuteremka kutoka Mogadishu hadi Kilwa ila kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, wala hakiwezi kupanda kwenda Dhofar ila kwa kusi. Hivyo, mwaka wowote utakaouchagua, msimu haubadiliki: alikuwa Kilwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa Miladia. Kwa hesabu ya hija ya 730, ni 1331, ndani ya mwaka 731 Hijria.

Mpe sasa kijana wako nafasi ya kujaribu njia yake kwenye tarehe hii. 731 na 622 ni 1353. Lakini mwaka 1353 Ibn Battuta alikuwa upande wa pili wa bara, baada ya kukaa Mali. Septemba ya mwaka huo alitoka Takedda kuvuka Sahara arudi kwao Morocco. Hakuna mtu aliyewahi kuwa Kilwa na Sahara kwa pamoja. Nadhani mfano huu utamkaa kichwani kuliko maelezo yangu yote ya siku 354.

Huenda wakakuuliza pia: kama miezi ya Kiislamu inazunguka misimu yote, manahodha wa zamani walijuaje wakati wa kutweka? Hawakutumia Mfungo Tatu wala Rajabu. Walikuwa na mwaka mwingine, wa jua, wenye siku 365, ulioanza siku ya Nairuzi na asili yake ni Uajemi. Ahmad bin Majid, malimu mkubwa wa Bahari ya Hindi aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, ameyapanga majira ya safari kwa namba ya siku tangu Nairuzi. Pwani yetu mwaka huo uligawanywa katika miongo 36 ya siku kumikumi, zikabaki siku tano, na wakulima waliufuata kama mabaharia. Kasoro yake ni kwamba haukuwa na siku ya nyongeza, hivyo Nairuzi ilirudi nyuma siku moja kwa kila miaka minne. Katika karne ya 12 haikuwa inaangukia pale inapoangukia sasa. Na hapa mnayo bahati kubwa: kutoka Kizimkazi hadi Makunduchi, panapofanywa Mwaka Kogwa, sherehe ya Nairuzi, kila Julai, si mbali. Kwa safari ya siku moja wanafunzi wanaweza kuona kalenda ya mwezi imechongwa kwenye jiwe asubuhi, na kalenda ya jua inachezwa uwanjani, kwa mabua ya migomba, mchana.

Kuna mitego mingine ya zama za kati ambayo darasa lako halitaihitaji, ila ni vizuri wewe uijue. Uingereza iliwahi kuanza mwaka tarehe 25 Machi, kwa hiyo barua ya Februari inaweza kubeba mwaka uliotangulia. Na Ureno, hadi 1422, ilihesabu miaka kwa Enzi ya Kaisari, iliyokuwa mbele kwa miaka 38: vita vya Aljubarrota vya Agosti 1385 kwenye hati zao ni vya 1423.

Kwa ubaoni, andika hivi: "Msikiti wa Kizimkazi: Dhulqaada (Mfungo Pili) 500 Hijria, yaani Juni–Julai 1107." Huko Kizimkazi mtaambiwa pia kuwa msikiti ulijengwa upya mwaka 1184 Hijria. Hiyo waachie waifanye wenyewe, kwa njia ya 33. Watapata 1771, na si vibaya. Kisha waambie kuwa 1184 ilianza 27 Aprili 1770 na kuisha katikati ya Aprili 1771, na uwaulize wangeiandikaje kama hawana jina la mwezi. Atakayejibu 1770/71, huyo ameelewa.